Nani Athibitishe? Gari Lililobadilishwa na Waranti Yake

Kitabu cha waranti anachokabidhiwa mnunuzi wa gari jipya huanza kusomwa siku gari linapoharibika. Kwa kawaida humo mna ahadi ya miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia, na kurasa chache mbele mna orodha ya yasiyogharamiwa: matairi, pedi za breki, ajali, mafuta machafu, halafu "mabadiliko yasiyoidhinishwa". Maneno hayo ya mwisho yamezaa imani iliyoenea kuanzia shoorumu hadi gereji za vichochoroni, kwamba ukigusa chochote waranti imekufa. Umefunga taa za ziada, imekufa. Umebadilisha rimu, imekufa. Upande wa pili wapo wapenda magari waliosikia habari za sheria za Marekani, nao wanasema kwa uhakika uleule kwamba hakuna mtengenezaji anayeruhusiwa kufuta waranti, hivyo jifungie utakacho. Wote wawili wanakosea, na kosa lao ni moja: wanaichukulia waranti kama kitu ambacho ama kipo kizima ama hakipo kabisa.

Waranti ya mtengenezaji ni ahadi yenye mipaka, na mipaka yake ni chanzo cha kasoro. Kiwanda kinasema kwamba kifaa kikiharibika kwa sababu malighafi yake ilikuwa mbovu au kiliungwa vibaya, kitatengenezwa bure. Hakijaahidi kutengeneza kila kinachoharibika. Kwa hiyo kuuliza kama gari limebadilishwa hakumalizi mgogoro wowote. Linabaki swali la pili, kilichoharibika kimeharibiwa na nini, na la tatu ambalo watu hulisahau: ni wajibu wa nani kulithibitisha hilo. Ninavyoona mimi, la tatu ndilo zito kuliko yote. Pale ambapo chanzo kiko wazi, watu hawagombani. Ugomvi huja pale chanzo kinapokuwa na utata, na penye utata hushinda yule asiyebebeshwa mzigo wa ushahidi. Afrika Mashariki tuna sheria za kutosha kuhusu ubora wa bidhaa, lakini mzigo huo tumemwachia mnunuzi bila hata kukaa chini tukaamua kwamba aubebe.

Marekani ndiko suala hili lilikotungiwa sheria mapema na kwa uwazi. Januari 1975 Rais Gerald Ford alitia saini sheria ya Magnuson-Moss, iliyopewa majina ya Seneta Warren Magnuson wa jimbo la Washington na Mbunge John Moss wa California. Ililenga waranti zilizokuwa zimejaa maandishi madogo, ambamo ukurasa wa pili ulikuwa ukifuta kilichoahidiwa ukurasa wa kwanza. Sheria haikumlazimisha mtengenezaji kutoa waranti yoyote. Ilisema tu kwamba akiamua kutoa, aiandike kwa lugha inayoeleweka, na asiifunge kwa sharti la mnunuzi kutumia kipuri au huduma yenye jina fulani la biashara, isipokuwa kipuri au huduma hiyo anaitoa bure au amepewa ruhusa na Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC. Kanuni za tume hiyo zikaziba mwanya uliobaki: mtengenezaji anaweza kukataa kugharamia uharibifu uliotokana na kipuri kisicho chake, lakini ni lazima yeye aonyeshe kwamba kweli ulitokana nacho. Sentensi hiyo fupi ndiyo roho ya mfumo mzima. Haimzuii mwenye kiwanda kukataa. Inamtaka akatae kwa sababu.

Kwamba kanuni hiyo ina kazi ya kufanya kunathibitishwa na jinsi kampuni kubwa zilivyoendelea kuisahau. Mwaka 2015 FTC ilifikia makubaliano na tawi la BMW la Amerika Kaskazini, baada ya kudai kwamba kitengo cha MINI kiliwaambia wenye magari kuwa waranti ingefutwa wasipotumia vipuri vya MINI na karakana za mawakala wake. Mwaka 2018 ilituma barua za onyo kwa kampuni sita, na miongoni mwao, pamoja na watengenezaji wa michezo ya kompyuta na simu, alikuwemo Hyundai. Mwaka 2022 ikawa zamu ya Harley-Davidson, ambaye kitabu chake kiliashiria kuwa kufunga vipuri visivyo vyake kwaweza kuondoa waranti. Akaamriwa aandike waziwazi kwamba kutumia vipuri vya wengine hakuifuti. Kinachovutia katika kesi hizi ni kwamba tume haikuhitaji kwanza kuonyesha mteja aliyenyimwa matengenezo. Maandishi yenyewe yalitosha kuwa kosa, kwa sababu humtisha mtu kabla hajafika kaunta. Mwenye gari anayeamini kuwa waranti imekwisha harudishi gari kwa wakala, hadai, wala hakataliwi. Na kwenye hesabu za kampuni haonekani popote.

Hata hivyo ni kosa kuisoma sheria hiyo kama ngao ya kila badiliko. Ililenga hasa kuzuia kumfunga mnunuzi kwa vipuri vya jina moja, na mfano wake wa asili ni filta ya oili. Filta ya kampuni nyingine yenye vipimo vilevile inafanya kazi ileile, mahali palepale, kwa kiwango kilekile. Turbo iliyofungwa kwenye injini isiyokuwa nayo ni jambo jingine kabisa, kwani hiyo haikubadilisha kipuri, imebadilisha mashine. Kati ya ncha hizo mbili kuna eneo pana, na humo ndimo wenye magari wetu wanamoishi: mikonga, shokapu ndefu, matairi makubwa, bampa za chuma, nyaya za traka, redio zenye skrini, chesisi zilizorefushwa. Kuyaweka yote haya kwenye fungu moja la "mabadiliko" kunamnufaisha anayetaka kukataa madai bila kufikiri. Inabidi kuyatazama moja moja.

Tuanze na mkonga, kwa kuwa umekuwa karibu sare ya Land Cruiser za safari. Kazi yake ni kupandisha mdomo wa kuvutia hewa hadi usawa wa paa, ili injini isivute maji gari linapovuka mto. Ukifungwa vizuri hauiongezei injini mzigo wa maana. Ukifungwa vibaya, pale bomba la mkonga linapoungana na boksi la filta ya hewa hubaki mwanya usioonekana kwa macho. Hewa yenye vumbi ikipitia hapo kabla ya filta, filta hulikamata vumbi hilo na halifiki kwenye injini. Mwanya ukitokea baada ya filta, kwa mfano boksi likipasuka wakati wa kutobolewa au kifuniko kikakaa upande, vumbi laini la barabara za Serengeti au Tsavo linaingia moja kwa moja kwenye silinda na kuanza kula ringi na kuta. Miezi michache baadaye gari linakula oili na kutoa moshi. Wakala anauona mkonga, anaandika "mabadiliko", anafunga faili. Na bado kujua ukweli si kazi ngumu. Sampuli ya oili ikipelekwa maabara, vumbi hujitokeza kama ongezeko la silikoni, likiandamana na chuma au alumini kutoka kwenye sehemu zilizosagika. Bomba la hewa likifunguliwa upande wa baada ya filta na kupanguswa kwa kitambaa cheupe, vumbi litaonekana au halitaonekana. Likionekana, mwenye gari hana dai, na fundi aliyefunga mkonga ndiye wa kuulizwa. Lisipoonekana, mkonga hauna kesi na kiwanda kitafute sababu nyingine. Kipimo hicho hakizidi saa moja ya kazi na gharama ya maabara, tena kinafaa kufanywa kabla ya barua ya kukataa kuandikwa.

Turbo iko upande wa pili wa mizani. Injini ya 1HZ ya Toyota, dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita iliyobeba sehemu kubwa ya Land Cruiser za bara hili tangu mwaka 1990, ilisanifiwa bila turbo. Mafundi wengi wameiongezea, na mwendo wa gari kupanda kilima hubadilika kweli. Lakini hewa zaidi huvuta dizeli zaidi, na dizeli zaidi ni joto zaidi kwenye pistoni, silinda hedi na njia ya moshi, ambavyo vyote vilipimwa kwa joto la chini. Hedi ikipasuka kwenye injini kama hiyo, kumtaka mtengenezaji athibitishe kwamba turbo ndiyo iliyoipasua ni kumwonea. Badiliko limegusa mfumo uleule ulioharibika na limeuongezea mzigo kwa njia inayojulikana na kila mwanafunzi wa ufundi. Hapa nadhani ni haki mzigo wa ushahidi uhamie kwa mwenye gari. Lakini uhamie kwa injini tu. Kiyoyozi cha gari hilohilo kikifa, au kitasa cha mlango kikakatika, turbo haina la kusema, na kukataa kukitengeneza kwa hoja kwamba "gari limechezewa" kunaigeuza waranti kuwa adhabu.

Matairi yana ugumu wake, wa kimyakimya zaidi. Hilux nyingi hutoka na saizi ya 265/65R17. Ukifunga 285/70R17, ambayo hupendwa kwa sura na kwa barabara mbovu, kipenyo kinapanda kutoka milimita 776 hivi hadi karibu 831, yaani asilimia 7. Beringi, sivii joint na giaboksi vinazungusha kitu kizito na kipana zaidi, kwa hiyo vikifa mapema mtengenezaji ana hoja. Lakini kuna jambo jingine ambalo ni wachache hulitaja. Kila mzunguko wa tairi gari linakwenda mbele zaidi ya kompyuta inavyodhani, hivyo dashibodi ikisoma kilomita 100,000 gari limekwisha tembea karibu 107,000. Mwenye gari amejiongezea waranti ya kilomita 7,000 bila kukusudia, na pengine bila kujua. Katika mazungumzo ya waranti tumezoea kumtazama mnunuzi kama mnyonge, na mara nyingi ndivyo alivyo. Hapa mnyonge ni kampuni, na sioni sababu ya kanuni ya haki kulifumbia macho hilo.

Bampa ya chuma nitaipitia haraka. Swali lake kubwa si waranti bali mifuko ya hewa, kwa kuwa vihisi vya ajali vilipimwa kwa jinsi sehemu ya mbele ya gari inavyobonyea, na zipo bampa zilizotengenezwa zikizingatia hilo na zisizozingatia.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba ushahidi uko mezani na kila mtu anaweza kuuona. Hauko. Marekani ililazimisha magari kuanzia ya mwaka 1996 yawe na soketi ya uchunguzi ya OBD-II, ile iliyo chini ya usukani ambayo fundi huchomeka mashine ya kupimia. Kupitia soketi hiyo kompyuta ya injini huweza kuulizwa toleo la programu yake na namba ya uhakiki inayokokotolewa kutokana na programu yenyewe. Ukibadilisha programu ili kuongeza nguvu, namba hiyo hailingani tena na ya kiwandani. Ukiirudisha ya asili kabla ya kwenda kwa wakala, namba inarudi, lakini baadhi ya watengenezaji huhifadhi pia hesabu ya mara ambazo kompyuta imeandikwa upya. Huko Marekani Volkswagen na Audi wana alama inayoitwa TD1 ambayo wakala huiingiza kwenye kumbukumbu za gari lililobainika kubadilishwa programu. Ikishawekwa, madai yanayohusu injini hukwama.

Sina ugomvi na kumbukumbu hizo. Zinazuia udanganyifu, na udanganyifu upo: mtu anayeongeza nguvu, anaua turbo, kisha anarudisha programu ya asili na kudai gari jipya lina kasoro, anawaibia wanunuzi wengine ambao bei ya waranti yake imo ndani ya bei zao. Ninachokikataa ni alama inayoamua badala ya kushuhudia. Alama inasema gari limebadilishwa; haisemi badiliko lilifanya nini. Wakala anapoichukulia kama hukumu, ile sentensi ya FTC inapinduliwa kimyakimya, na mwenye gari analazimika kuthibitisha kutokuwa na hatia mbele ya kompyuta ambayo hana ufunguo wake. Gari ni lake, lakini kumbukumbu zake zinasomwa vizuri na mshindani wake pekee. Wapiga kura wa Massachusetts waliiona hatari hiyo mwaka 2020, walipopitisha kwa kura nyingi sheria ya kuwapa wenye magari na mafundi huru haki ya kupata data ambazo magari hutuma moja kwa moja kwa watengenezaji. Walichokuwa wakidai kimsingi ni kuupata ushahidi.

Ulaya ilipita njia nyingine. Kanuni za ushindani za Umoja wa Ulaya za mwaka 2010 kuhusu soko la magari zinawazuia watengenezaji kuifanya waranti itegemee gari kufanyiwa sevisi kwa mawakala wao tu. Sambamba na hilo, sheria za walaji zinampa mnunuzi dhamana ya kisheria ya angalau miaka miwili dhidi ya muuzaji, na kwa mwaka wa kwanza kasoro ikijitokeza inachukuliwa kuwa ilikuwepo tangu mauzo, hadi muuzaji athibitishe vinginevyo. Tazama jinsi muda unavyotumika kugawa mzigo: kwanza muuzaji, kisha mnunuzi. Afrika Kusini imejaribu kitu cha karibu zaidi nasi. Miongozo ya Tume ya Ushindani ya huko, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2021, inawaruhusu wenye magari kutumia gereji huru na vipuri visivyo vya kiwanda ndani ya muda wa waranti, huku ikiacha wazi kwamba uharibifu uliosababishwa na kazi ya gereji hiyo hautabebwa na mtengenezaji. Miongozo haiongelei turbo. Lakini imevunja ile dhana kwamba mkono wa mtu mwingine ukigusa gari, kila kitu kimeisha.

Kwetu misingi ipo. Kenya na Tanzania zote zina sheria ya uuzaji wa bidhaa iliyorithiwa kutoka ile ya Uingereza ya mwaka 1893, nayo inamtaka muuzaji atoe kitu kinachofaa kwa kazi kilichonunuliwa. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 46, inawapa walaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, taarifa za kutosha na fidia kwa hasara. Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2012 ikaongeza kwamba haki zake haziwezi kuondolewa kwa makubaliano. Tanzania inayo Sheria ya Ushindani ya 2003 na Tume ya Ushindani, FCC, ambayo mamlaka yake yanagusa pia mikataba ya walaji iliyoandaliwa na upande mmoja. Kitabu cha waranti ni mkataba wa aina hiyo hasa: hakuna mnunuzi aliyewahi kukaa na kiwanda akajadili ukurasa wa 14. Ukizisoma sheria hizi kwa pamoja unaona kwamba haki imetajwa mara nyingi; kinachokosekana ni utaratibu wa kuidai. Hakuna palipoandikwa kwamba wakala anayekataa dai kwa sababu ya badiliko aeleze kwa maandishi ni badiliko lipi, limeharibu nini na kwa njia gani. Mnunuzi anaambiwa kwa mdomo, kaunta, na fundi aliyevaa ovaroli safi. Akitaka kubisha, inabidi amtafute mhandisi wake mwenyewe na wakili, kwa dai ambalo pengine ni la sindano moja ya dizeli.

Atakayepinga atasema kwanza kwamba waranti ni hisani. Sheria haimlazimishi mtengenezaji kuitoa, kwa hiyo aweke masharti apendayo, na asiyeyataka asinunue. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama waranti ingekuwa bure. Imo ndani ya bei, na wauzaji huitaja kama sababu ya kulipia gari jipya mara mbili au tatu ya bei ya gari la Japani lililotumika. Kitu kilichouzwa hakiwezi kuitwa hisani siku ya kukidai.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kiwanda hakiwezi kupima kila mchanganyiko wa vipuri duniani, na kuthibitisha chanzo cha injini iliyoyeyuka ni kazi ghali isiyo na jibu la hakika. Ni kweli. Ndiyo maana sidai mtengenezaji abebe mzigo wote kila wakati. Ninachopendekeza ni mzigo unaofuata ukaribu. Badiliko likiwa mbali na kilichoharibika, mtengenezaji agharamie isipokuwa ana ushahidi. Likiwa limegusa mfumo uleule bila kuuongezea mzigo, kama mkonga, apime kabla ya kukataa. Likiwa limeuongezea mzigo, kama turbo au programu ya nguvu, mwenye gari ndiye aonyeshe kwamba kasoro ilikuwa ya kiwandani. Na kuhusu kile kinachoitwa kutowezekana, watengenezaji wenyewe wameshajibu. Ford Marekani huuza kupitia kitengo chake cha Ford Performance vifurushi vya kuongeza nguvu vyenye waranti vikifungwa inavyotakiwa. Kwa hiyo nguvu za ziada si adui wa waranti kwa asili yake. Tofauti ni nani aliyeuza, nani aliyefunga, na kwa vipimo gani. Na mambo hayo yanaweza kuandikwa kwenye karatasi na gereji yoyote makini.

Kuna pia atakayesema kwamba mjadala huu ni wa kitajiri. Magari yetu mengi ni yaliyotumika, yameshuka Mombasa na Dar es Salaam waranti ya kiwanda ikiwa imekwisha miaka mingi. Kwa magari binafsi hilo ni sahihi. Lakini magari mapya yanayouzwa hapa huenda hasa kwa wale wanaoyabadilisha zaidi: kampuni za utalii, mashirika, serikali, wenye mabasi na malori. Land Cruiser ya utalii huko Arusha hukatwa chesisi ikarefushwa, ikafungwa paa la kunyanyuka na viti vya ziada kabla haijambeba mtalii wa kwanza. Basi dogo la Nairobi huanza maisha kama chesisi ya Isuzu yenye injini na usukani, kisha hupelekwa kwa mjenzi wa bodi. Gari la namna hiyo linabadilishwa kwa kuzaliwa. Na hapo watengenezaji hawaogopi hata kidogo. Huchapisha miongozo ya wajenzi wa bodi inayoonyesha chesisi itobolewe wapi na wapi isitobolewe, uzito ukae vipi juu ya ekseli, umeme uchukuliwe kwenye sehemu ipi. Waranti inagawanyika bila kelele: chesisi na injini kwa mtengenezaji, bodi kwa mjenzi, na mpaka kati yao ni ule mwongozo. Inawezekana, basi, kwa basi la abiria. Haielezeki kwa nini isiwezekane kwa pikapu yenye shokapu ndefu.

Usiri wa mwenye gari unastahili kusemwa kwa ukali kidogo. Mtu anayebadilisha gari kisha akaficha anaharibu dai lake mwenyewe, na pengine bima yake pia, kwa sababu bima ina kanuni kali kuliko waranti: mteja anatakiwa kutaja kila jambo la msingi kabla ya mkataba, na asipotaja kampuni yaweza kujitoa hata kama badiliko halikusababisha ajali. Usajili nao una madai yake. Kubadilisha injini au rangi kunapaswa kufikishwa kwa mamlaka ya usafiri, NTSA, kwa Kenya na mamlaka ya mapato, TRA, kwa Tanzania. Risiti ya fundi, picha za kazi kabla ya kufunikwa, namba ya kipuri, tarehe na kilomita, hivyo ndivyo vitakavyosema siku ya mgogoro. Fundi asiyetoa risiti huuza kwa bei nafuu kwa sababu hasara ya baadaye haihesabu yeye.

Lakini mfano unaovunja kabisa dhana ya "mabadiliko yasiyoidhinishwa" ni yale ambayo mwenye gari hakuyataka. Kanuni zilizohusishwa na John Michuki, Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, zilizoanza kubana mwaka 2004, zililazimisha magari ya abiria ya Kenya kufungwa mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Kidhibiti mwendo cha kielektroniki hukaa kati ya pedali ya mafuta na kompyuta ya injini, na kukifunga ni kukata na kuunga nyaya ambazo kiwanda kilisema zisiguswe. Nchini Tanzania mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, inataka mabasi ya masafa marefu yawe na mfumo wa kufuatilia mwendo. Benki inayomkopesha mtu gari nayo hufunga traka, mara nyingi yenye uwezo wa kuzima injini kwa mbali, kama sharti la mkopo. Mwenye gari anaagizwa na dola, anaagizwa na mkopeshaji, halafu kaunta ya wakala inamwambia kwamba gari lake limechezewa. Hitilafu ya nyaya ikitokea, aliyeagiza hayupo, aliyefunga hajulikani, na aliyetengeneza ameshafunga faili.

Tatizo hili si la kiufundi hata kidogo. Mamlaka inayoidhinisha aina ya kifaa na kumsajili anayekifunga inaweza pia kutaja nyaya zitakazoguswa, baada ya kukubaliana na watengenezaji wanaouza magari mapya hapa, na kumfanya mfungaji abebe waranti ya kazi yake kwa muda uleule wa waranti ya gari. Sehemu za kuchukulia umeme zimeshachorwa kwenye miongozo ya wajenzi wa bodi ambayo mawakala hao hao wanayo kabatini.